Bwawa la Samaki Wakati wa Kiangazi

Katika nchi za baridi kama Uingereza, mwenye bwawa la samaki bustanini huogopa miezi ya baridi, maana maji huganda juu yakawa barafu. Sisi tulioko Busia na Malaba hatuna barafu, lakini tunao msimu wetu wa taabu, nao ni kiangazi cha Desemba hata Februari. Wengi hudhani ya kuwa hatari yake ni bwawa kukauka tu. Kumbe samaki huweza kufa mapema zaidi, maji yangali yakimfika mtu kiunoni.

Jirani yangu, karani mwenye bwawa karibu na Mto Malaba, aliyaona hayo Januari moja. Maji yaligeuka kijani kibichi, naye akafurahi, akazidisha samadi na pumba ili perege wake wanenepe upesi. Asubuhi moja kabla ya jua kuchomoza aliwakuta wamekuja juu wote, vinywa wazi, wakitweta. Kufika adhuhuri tulikuwa tukiokota mizoga kwa makarai.

Sababu yake ni hii. Rangi ile ya kijani ni mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mchana, kwa nguvu za jua, mimea hiyo hutoa hewa ya oksijeni ambayo samaki huivuta. Usiku haitoi, bali nayo huivuta, pamoja na samaki na samadi inayooza, hata ikifika alfajiri hewa imekwisha. Tena maji ya moto hayashiki hewa nyingi kama maji baridi.

Natufanye hesabu kidogo. Bwawa la meta 300 za mraba, kama yale yaliyochimbwa kwa mpango wa Serikali ya Kenya ulioanza mwaka 2009, jua likilipunguza milimita 5 tu kwa siku, hupoteza lita 1,500, yaani madebe 75 ya lita 20. Nani atayachota kila siku? Kwa siku 30 kina kimeshuka sentimeta 15, mbali na maji yanayonywewa na udongo. Kwa hiyo asiye na mfereji asihangaike kuongeza maji, apunguze samaki. Wakubwa wavuliwe Desemba, wakati wa Krismasi, wanunuzi wangali wengi, ili wadogo wapate nafasi.

Kupima maji hakuhitaji chombo. Tumbukiza mkono ulionyoshwa, polepole. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi: acha samadi kabisa, na punguza chakula. Chakula chenyewe kitolewe jua likiwa limepanda, wala si alfajiri, na kiwe kiasi cha kumalizwa mara moja. Kinachobaki huoza chini. Ukiwakuta samaki wakitweta, usiwalishe siku hiyo. Ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu, au yapige maji kwa matawi, lakini usilivuruge tope.

Kina kikipungua, ndege nao hupata karamu, na kenge pia. Kata majani ya ukingoni wasipate maficho.

Jirani yangu alianza upya mvua za Machi ziliporudi. Siku hizi Desemba ikiingia hutandaza wavu kwanza, na samadi huipeleka kwenye migomba.