Injini ya Trekta Kuukuu: Pimeni Kwanza, Mnunue Baadaye

Ndugu wanavikundi, trekta ya kikundi ikianza kutoa moshi mwezi wa nane, kila mtu hushika kichwa. Vuli iko karibu, na huku Ndara mvua ya vuli ndiyo ya kutegemewa kuliko ya masika. Shamba lisipolimwa mapema, mahindi na pojo ndiyo basi tena. Kwa hivyo fundi akisema, "Injini imekwisha, leteni pesa za oveholi," mweka hazina hufungua sanduku mbio mbio. Sisi tunasema, ngojeni kidogo.

Tuchukue Massey Ferguson 135, trekta ndogo ambayo wengi wetu tunaijua. Ilianza kutengenezwa mwaka 1964 kule Coventry, Uingereza, na nyingi zina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu, lita mbili na nusu. Ni injini ngumu na inafufuka vizuri, lakini ifufuliwe kwa utaratibu.

Kwanza tazameni moshi. Moshi mweusi mara nyingi ni nozo mbaya au hewa haipiti vizuri. Hapo hakuna haja ya kufungua injini. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Injini ikiwa inanguruma, fungueni kifuniko cha kutilia oili: ikipumua kwa nguvu kama sufuria inayochemka, ringi na slivu zimelika. Vuteni pia kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda na inanuka dizeli, huenda pampu ndogo ya dizeli imepasuka ndani. Pampu hiyo bei yake si kubwa, lakini mkiiacha, oili inakuwa nyepesi na beringi zote zinakwenda.

Ikibidi kufungua, msinunue kitu bado. Hapa ndipo pesa nyingi za vikundi hupotelea. Mtu anatumwa Mombasa, kilomita kama 150, anarudi na beringi ambazo haziingii. Krenki ikilika hukerezwa, na kila ikikerezwa inakuwa nyembamba, kwa hivyo beringi zake ni nene zaidi. Mafundi huzitaja kwa Kiingereza chao, teni, twenti, theti, yaani krenki imepunguzwa inchi 0.010, 0.020 au 0.030. Ni nani ajuaye trekta ya miaka hamsini imeshakerezwa mara ngapi? Krenki ipelekwe ipimwe kwa maikromita, ikerezwe, kisha ndipo beringi zinunuliwe hapo hapo.

Slivu nazo, pitisheni ukucha ndani karibu na juu. Mkigusa ngazi, ndipo ringi ya juu inapoishia kupanda, na chini ya ngazi hiyo chuma kimelika. Ringi mpya kwenye slivu iliyolika hivyo ni kutupa pesa: itapunguza moshi msimu mmoja, labda, halafu mnarudi pale pale. Slivu, pistoni na ringi zibadilishwe pamoja, na slivu zishindiliwe kwenye karakana yenye mashine, si kwa nyundo na kipande cha mbao.

Wakati wa kufunga, adui ni vumbi. Upepo wa huku tunaujua! Msifungie injini chini ya mwarobaini. Tafuteni chumba, mwagieni sakafu maji, kila kipande kioshwe kwa dizeli safi na kufunikwa kwa shuka. Vifuniko vya konrodi vina namba. Kila kimoja kirudi mahali pake.

Lakini jiulizeni pia ni nini kilichoiua injini. Mara nyingi ni hili hili vumbi letu jekundu, ambalo ndani ya silinda linasugua kama msasa. Kichujio cha hewa cha trekta hii kina bakuli la oili chini yake. Wakati wa kulima lifunguliwe kila siku, tope litolewe, oili itiwe mpaka kwenye alama. Kisha pitisheni kidole ndani ya mpira unaotoka kwenye kichujio kwenda kwenye injini. Kidole kikitoka chekundu, mpira umepasuka au klipu imelegea, na slivu mpya zitakwenda njia ya zile za zamani. Kwenye rejeta tieni maji ya mvua, si ya kisima chenye chumvi.

Siku ya kuwasha, fungeni dizeli kwanza, mzungushe injini kwa stata, mkipumzika katikati, mpaka geji ya oili ipande. Msiiache ikinguruma bure kutwa nzima, maana ringi hazitakaa; ipeni kazi nyepesi, kama kuvuta trela la maji. Andikeni saa za kazi kwenye daftari, kwa sababu mita ya trekta kuukuu kwa kawaida ilishakufa zamani. Zikifika kama 50, mwageni oili yote, mbadilishe filta, mkaze hedi upya, na mpime tapeti: inchi 0.012, injini ikiwa baridi.