Stoo ni imara, lakini inafaa kwa kazi yako?

Wengi wetu tunauza mtandaoni, lakini mzigo unakaa kwenye stoo ya kupanga. Leo tuongelee jengo lenyewe, maana linagusa hela yako.

Jengo hupoteza thamani kwa njia tatu. Moja, kuchakaa: bati linavuja, ukuta una nyufa. Mbili, mambo ya nje: barabara imehamishwa, watu hawapiti tena. Tatu, na hii wengi hatuijui, jengo ni zima kabisa ila limepitwa kimatumizi. Dari fupi, nguzo zimesongamana, ghorofa ya tatu bila lifti ya mizigo. Halijaharibika, ila kazi ya leo haiendi vizuri humo ndani.

Marekani hii ya tatu ina uzito kwenye kodi ya majengo, kwa sababu kule kodi inafuata thamani. Chukua Chicago. Kuna maghala ya ghorofa nyingi yaliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati maghala ya sasa ni ya chini, yenye dari ndefu ili foklifti ipange mzigo hadi juu.

Njia mojawapo ya kukadiria ni hii (namba ni za mfano tu). Kujenga upya dola 500,000. Toa uchakavu 100,000. Jumlisha kiwanja 100,000. Unapata 500,000. Sasa mwenye ghala akithibitisha kwamba muundo wa zamani unampunguzia 150,000, thamani inabaki 350,000. Cook County, eneo lenye Chicago, jengo la biashara huhesabiwa kwa 25% ya thamani, kwa hiyo msingi wa kodi unashuka kutoka 125,000 hadi 87,500. Asiporidhika na makadirio, anakata rufaa. Ila kusema tu "jengo langu ni la zamani" haitoshi, lazima alete hesabu.

Sasa turudi kwetu Tanzania. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na sh 1,000 kwa mwezi, Julai 2023 ikapanda hadi 1,500. Ni kiwango maalumu. Dari iwe ndefu au fupi, makato ni yale yale. Kodi ya namna hii haioni kasoro ya jengo.

Kwa hiyo sehemu pekee ya kuihesabu kasoro hiyo ni kwenye pango, na hapo mtetezi ni wewe mwenyewe. Mimi kabla sijalipa pango la miezi sita naandika namba. Mfano, ngazi nyembamba, mbebaji sh 5,000 kila mzigo ukiingia, mara mbili kwa wiki. Hiyo ni kama 40,000 kwa mwezi. Namwonyesha mwenye nyumba, tunaongea.

Angalia mambo mawili. Kwanza, je, kasoro inarekebishika? Kama kupanua mlango kunagharimu kidogo, omba arekebishe badala ya kupunguza bei. Pili, usihesabu mara mbili. Kama pango lake tayari liko chini kuliko la majirani kwa sababu ya hizo ngazi, punguzo umeshapewa.

Ukienda kuangalia stoo, usiishie kugonga ukuta. Pima mlango, hesabu ngazi, angalia dari, halafu ndiyo utaje bei.