Limau Moja, Kazi Kibao

Hapa Shanwe, Mpanda, migebuka ya Ziwa Tanganyika ikifika mjini kila mama anataka wake. Tatizo ni shombo. Siku moja nilikuwa napaa samaki, mama mkwe akabisha hodi. Nikanawa kwa sabuni, nikamwamkia kwa mkono. Nikamwona anaunusa wake. Jamani, aibu niliyoiona!

Tangu siku hiyo limau halikosekani jikoni kwangu.

Mikono na ubao wa kukatia: sugua kwa nusu limau na chumvi, kisha suuza. Asidi ya limau ndiyo inayoizima ile harufu ya samaki.

Samaki mwenyewe: mkamulie limau, mpake chumvi na tangawizi, subiri robo saa, kaanga. Ukimwacha muda mrefu nyama inalegea na kukatikakatika.

Birika lenye ukoko mweupe wa chokaa: jaza maji, tia limau lililokatwa, chemsha, acha lipoe. Ukoko unatoka bila kukwangua.

Ila shosti, usilichanganye na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hutoa hewa ya sumu. Wala usijipake usoni ukatoka juani, utababuka na kubaki na madoa.

Mwezi uliopita mama mkwe alirudi. Nikampa mkono, shikamoo mama. Safari hii hakunusa kitu. Aliuliza tu, "Marahaba mwanangu, samaki wako wapi?"