Gia za Redio na Breki za Mafuta katika Baiskeli

Katika baiskeli ya kawaida yenye gia nyingi, mpandaji anaposukuma wenzo ulio kwenye usukani, waya wa chuma huvutwa, nao husogeza mtambo mdogo ulio karibu na gurudumu la nyuma. Cheni huhama kutoka sproketi moja hadi nyingine. Katika gia zisizo na waya kazi hiyo imegawanywa. Wenzo hupeleka ishara tu kwa mawimbi ya redio, na nguvu ya kuisogeza cheni hutoka katika mota yenye betri iliyomo ndani ya mtambo wa nyuma.

Wazo hili si geni. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa ilitoa gia za umeme mwaka 1992, na mwaka 1999 ikatoa aina ya Mektronic iliyotumia mawimbi, ambayo haikudumu sokoni. Mwaka 2015 kampuni ya SRAM ya Marekani ilifaulu, ingawa kwa bei ya matajiri. Tangu hapo gharama imekuwa ikiteremka: SRAM ilitoa aina ya Rival mwaka 2021 na Apex mwaka 2023, na viwanda vya Uchina, kama vile WheelTop, navyo vimeingia katika biashara hiyo.

Mnunuzi hana budi kutahadhari hapa. Wauzaji hutaja gia na breki zisizo na waya kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali sifa hiyo yahusu gia peke yake. Breki zilizomo katika seti hizo huendeshwa na mkono wa mpandaji, ama kwa waya, ama kwa kiowevu. Sababu yake ni dhahiri. Betri ya gia ikiisha, mpandaji hurudi nyumbani kwa gia moja, labda kwa jasho. Lakini mtu na baiskeli yake wenye uzito wa kilo 90, wakiteremka kwa kilometa 36 kwa saa, wana nishati ya mwendo ipatayo jouli 4,500, ambayo lazima igeuzwe kuwa joto katika sekunde chache. Hata breki za fito za chuma za baiskeli za Phoenix, zilizoenea sana Afrika Mashariki, zina sifa hii njema: hazingoji betri.

Breki za kiowevu hufuata kanuni ya Pascal. Kanieneo linaloingizwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande; kwa hiyo pistoni pana zilizo kando ya diski husukuma kwa nguvu nyingi kuliko pistoni nyembamba iliyo kwenye wenzo. Hewa ikiingia mrijani hali hubadilika, kwa kuwa hewa hugandamizika: wenzo hufika kwenye usukani na gurudumu halishikwi.

Kiowevu nacho si cha namna moja. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Nyingi za SRAM za barabarani hutumia DOT 5.1. Hicho cha pili kikiwa kipya huchemka kwa nyuzi za Sentigredi zisizopungua 260, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na kikisha kulowa kiwango hicho huweza kushuka hadi 180. Ndiyo maana hubadilishwa mara kwa mara. Kuvichanganya viwili hivi huharibu mipira ya kuzuia uvujaji. Basi anayenunua wenzo wa kampuni moja na breki ya nyingine na ahakikishe kwanza kwamba vyote viwili vimeundwa kwa kiowevu kimoja.

Kwa upande wa gia, njia ya kupunguza gharama ni kuwa na sproketi moja tu mbele, hivyo mtambo wa pili na betri yake havihitajiki. Idadi ya sproketi za nyuma nayo ipatane na mtambo. Sproketi za seti mpya zinazoanzia meno 10, aghalabu, hazikai kwenye kitovu cha gurudumu la zamani.

Wakati wa kufunga, fundi aanze na kipande cha alumini kinachoshikilia mtambo kwenye fremu. Kikiwa kimepinda, hakuna mota itakayoipanga cheni vizuri. Kisha wenzo na mtambo huunganishwa kwa kubonyeza vitufe vyake, na skrubu za mipaka hukazwa ili cheni isisukumwe ndani ya spoki. Diski na pedi zisiguswe na mafuta kabisa, na breki zijaribiwe baiskeli ikiwa imesimama.

Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani walionyesha kwamba ishara za gia za Shimano zaweza kunaswa na kurudiwa kutoka umbali wa meta 10, hata gia zikabadilika bila mpandaji kutaka. Kampuni ilitoa programu mpya ya kuziba kasoro hiyo, nayo huingizwa katika mtambo kwa simu. Anayenunua vifaa vilivyokwisha kutumika afanye hivyo kabla ya safari ya kwanza.