Mzigo Ulidoda Miezi Minne, Britto Akanifungua Macho

Nauza picha za Tingatinga mtandaoni, hapa Dar. Mwaka jana mzigo ulidoda miezi minne. Laiki zinakuja, "bei gani?" zinakuja, hela haiji. Kodi ya chumba nililipa kwa kukopa.

Ndipo nikaanza kumfuatilia Romero Britto, msanii wa pop mzaliwa wa Recife, Brazil, anayefanyia kazi Miami. Picha zake halisi ni za wenye pesa zao. Lakini zile rangi kali na mistari minene myeusi kaziingiza pia kwenye vitabu vya watoto: kuna cha alfabeti, kuna cha rangi. Mzazi asiyenunua picha ya ukutani ananunua kitabu. Mtindo ni ule ule, kilichobadilika ni umbo la bidhaa na bei.

Nikajiuliza, twiga na viboko wangu si ndio watoto wanawapenda? Nikamfuata mchoraji, tukapatana kwanza atapata ngapi kwa kila pakiti. (Jamani, kuchapa kazi ya mtu bila ruhusa ni wizi, tusidanganyane.) Tukatoa kadi 24 za herufi, maana Kiswahili hakina Q wala X. Pakiti 30 za mwanzo nikaziposti kwenye grupu la wazazi, siku tisa zikaisha.

Picha kubwa bado zinasuasua. Ila juzi mama mmoja aliyenunua kadi kaniuliza, "Huyu twiga wa herufi T, hamna mkubwa wa ukutani?" Nimemtumia bei, nasubiri jibu.