Sura ya 6: Simenti Husema kwa Joto

Fundi wa Salamabila, kwetu Kongo, anayemwaga msingi mnene wa nyumba anajua, bila kusomewa kitabu, kwamba simenti huchemka. Saa kadhaa baada ya kumwagwa, ukiweka kiganja juu ya zege utahisi vuguvugu, na kesho yake asubuhi litakuwa bado na joto kuliko udongo ulio kando yake. Maji na unga vikikutana hufungana na kuwa kitu kipya, na katika kufungana huko kila gramu ya unga hutoa joule 300 hadi 400 hivi kabla haijatulia. Hoja ya sura hii inasimama juu ya joto hilo. Simenti inaposhushwa chini ya ardhi mahali ambapo jicho halifiki, joto lake ndilo shahidi wa kwanza wa kuulizwa, tena aulizwe kila mita ya kisima, si mdomoni pake tu.

Kisima kirefu kikichimbwa, kiwe cha mafuta au cha mvuke, huteremshwa bomba la chuma ambalo mafundi huliita kesingi. Kati ya bomba na mwamba hubaki uwazi mwembamba, aghalabu wa vidole viwili vitatu, na hatari yote hupita hapo. Usipozibwa, gesi hupanda na maji ya chumvi hupenya kwenye maji matamu. Forage, yaani kisima kilichochimbwa, ya maji ya kunywa iko chini ya sheria hiyohiyo: katika mji kama Salamabila, uliokua juu ya dhahabu ya mgodi wa Namoya, uwazi ulioachwa kando ya bomba huyapa maji ya choo na ya mashimo ya wachimbaji njia ya mkato hadi yanakotekwa maji. Katika kisima kirefu, simenti husukumwa ndani ya bomba hadi chini kabisa, igeuke, ipande kwa nje. Aliye juu huona mambo mawili tu: amesukuma kiasi gani, na tope la kuchimbia lililotangulia limerudi kiasi gani. Likirudi lote, kazi huhesabiwa imekwisha.

Hesabu hiyo imewahi kuua watu. Tarehe 20 Aprili 2010, katika kisima cha Macondo kwenye Ghuba ya Meksiko, tope lilirudi lote baada ya simenti kusukumwa, na wakubwa wa kazi wakaliona hilo kuwa ushahidi wa kutosha. Kikosi kilichokuwa tayari kuipima simenti kwa vyombo kilirudishwa nyumbani asubuhi ileile bila kupima. Usiku gesi ikapanda na watu 11 wakafa. Karibu nasi zaidi, huko Olkaria nchini Kenya, ambako mtambo wa kwanza wa mvuke wenye megawati 15 uliwashwa mwaka 1981, tatizo lina sura nyingine. Mwamba wa volkeno umejaa nyufa, na simenti hunywewa kabla haijafika juu. Mafundi hulazimika kumwaga nyingine kutoka juu, mara moja, mara mbili, hata zaidi. Kati ya kesingi mbili, moja ndani ya nyingine, mmwago wa juu usipokutana sawasawa na ule wa chini, maji hunaswa katikati. Kisima kikianza kutoa mvuke, maji hayo hupashwa, hutanuka, hayana pa kwenda, na huweza kulibonyeza bomba la ndani kama kopo.

Hapo ndipo uzi wa kioo unapopata kazi. Ni faiba ileile ya intaneti, nyembamba kama unywele, ikiwa ndani ya ala ya chuma na kufungwa ubavuni mwa kesingi inaposhushwa. Kutoka juu hutumwa mpigo mfupi wa mwanga. Chembe chache za mwanga hurudi zikiwa zimebadilika rangi, jambo lililogunduliwa Kolkata mwaka 1928 na C. V. Raman. Kati ya rangi mbili zinazorudi, moja huongezeka sana joto likipanda, nyingine kidogo tu. Ukizilinganisha unapata joto. Mahali hupatikana kwa muda: mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa mita moja mbele zaidi huchelewa sehemu 10 za bilioni moja za sekunde. Uzi mmoja hugeuka maelfu ya vipimajoto vilivyopangwa mita kwa mita, na vyote husoma usiku kucha wakati simenti inashika. Palipo na simenti joto hupanda. Mahali palipobaki tope au maji hapatoi joto la kwake, hupokea la jirani tu.

Jambo hili limekwisha kufanywa. Mwaka 2002, huko Mallik kaskazini mwa Kanada, nyuzi ziliwekwa nje ya kesingi za visima vitatu katika ardhi iliyoganda. Ketzin, karibu na Berlin, zilifungwa katika visima vya kuhifadhi hewa ya ukaa. Kwetu ulio muhimu zaidi ni mfano wa Iceland, kwa sababu mwamba wake na mvuke wake vinafanana na vya Olkaria: mwaka 2009 uzi uliwekwa nyuma ya kesingi ya kisima HE-53 cha Hellisheiði, ukafuatilia simenti ikishika, na baadaye ukabaki humo wakati kisima kikitoa mvuke.

Wapo wanaopinga, na hawapingi bila sababu. Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba joto huthibitisha simenti ipo, lakini halithibitishi kuwa imeshikana na chuma. Ni kweli. Simenti inaweza kuchemka vizuri kisha ikasinyaa na kuacha mwanya mwembamba kuliko karatasi, na mwanya huo hutafutwa kwa vyombo vya sauti vinavyogonga bomba na kusikiliza. Lakini vyombo hivyo hushushwa simenti ikiwa imekwisha kushika, na havisimulii ilivyofika. Uzi husimulia, na vipimo hivyo viwili havigombani. Pingamizi la pili ni la kusoma vibaya: shimo likibomoka ukuta na kupanuka, simenti nyingi hukusanyika hapo na joto hupanda zaidi, penye shimo jembamba joto huwa dogo ingawa hakuna kasoro. Kwa hiyo upana wa shimo sharti upimwe kwanza, la sivyo msomaji wa joto atapiga kelele bure. Lipo pia la waya wenyewe, yaani uzi pamoja na ala yake, kuwa njia ya kuvuja, kwa kuwa simenti isipouzunguka pande zote gesi huufuata ubavuni. Dawa yake ni vishikizo vinavyouweka mbali na ukuta, na pale penye shaka ni afadhali waya usiwekwe kabisa. Tena joto kali huuchosha uzi. Wa Hellisheiði ulipita nyuzijoto 200 na ukaonyesha uchovu. Hilo halinitishi sana, maana kazi ninayoitaka ni ya siku chache za mwanzo, simenti inaposhika.

Limebaki la gharama. Kwa forage ya Salamabila sipendekezi faiba. Pale simenti inayohitajika ni ya mita chache za juu, na kamba yenye kizito iliyoshushwa kando ya bomba huonyesha imefika wapi. Visima virefu visivyoweza kupewa uzi navyo vina njia ya zamani, inayotumika tangu miaka ya 1930: kushusha kipimajoto ndani ya bomba mara moja, simenti ikiwa bado na joto, na kutafuta linapoishia. Ni picha moja tu mahali pa filamu nzima, lakini inaizidi hesabu ya magunia ya simenti yaliyosukumwa.

Hali ni nyingine ng'ambo ya Ziwa Albert, upande wa Uganda, ambako mradi wa mafuta wa Tilenga ulianza mwaka 2023 kuchimba visima vilivyopangwa kuzidi 400, vingine ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, na maji ya ziwa hilo tunayatumia sisi Wakongomani pia. Kwenye visima vingi hivyo uamuzi wa kuweka uzi hauwezi kungoja dalili ya ubaya. Waya hufungwa bomba likiwa bado juu, kipande baada ya kipande, kadiri linavyoingia shimoni. Simenti ikishapanda, hakuna tena mahali pa kuupitisha.