Arusi ya Kihindu hufungwa kwa miguu

Kila jirani zetu Wahindu wanapooza, barazani hapa Mombasa husikika neno lile lile: "Wanazunguka moto tu." Mimi ni Muislamu na siandiki haya kumvuta mtu kwenye dini isiyo yake. Lakini tumeishi nao mtaa mmoja tangu enzi za mababu, twaalikwa, twala, kisha twarudi nyumbani bila kujua tulichokishuhudia. Tena twatoa hukumu.

Wahindu wengi wa Pwani asili yao ni Gujarat, kwa hivyo naeleza mtindo wao.

Bwana arusi hufika na jamaa zake kwa ngoma na shangwe. Mlangoni mama mkwe humlaki, na kwa mzaha hujaribu kumshika pua, asije akajiona mkubwa. Kisha huketishwa chini ya mandapu, kibanda cha nguzo nne kilichopambwa, na mbele yake hushikwa pazia. Bibi arusi huletwa na mjomba wake. Sisi tuijuao nafasi ya mjomba hatuna haja ya kufafanuliwa hapo.

Pazia likishaondolewa, baba hukabidhi mkono wa bintiye. Muislamu atamkumbuka walii, na si vibaya, ila mfano huo una mpaka wake. Kwetu ndoa hufungika kwa kutamkwa ijabu na kabuli mbele ya mashahidi. Kwao, mkono kukabidhiwa bado si mwisho.

Ndipo huja moto, unaotiwa samli. Jina lake ni Agni, naye ni mmoja wa miungu ya Veda. Kuwaficha hilo wasomaji wangu ingekuwa uongo. Lakini kazi yake arusini ni ushahidi: ahadi hutolewa mbele yake. Wagujarati huuzunguka mara nne, kwa ajili ya wajibu wa dini, riziki, mapenzi na ukombozi wa roho.

Kiini chenyewe ni saptapadi, yaani hatua saba. Aghalabu hupangwa popoo saba, zile zile za tambuu, na bibi arusi huzigusa moja moja kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, mumewe akimsaidia. Ya kwanza ni ya chakula, ya pili nguvu, ya tatu mali, ya nne raha, ya tano watoto, ya sita majira ya maisha. Ya saba ni urafiki. Mimi hiyo ya saba ndiyo iliyonigusa, kwamba wameiweka mwisho, baada ya mali na watoto.

Sheria ya India ya mwaka 1955 yasema wazi kuwa palipo na desturi hiyo, ndoa hukamilika hatua ya saba inapochukuliwa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya huko ikasisitiza kuwa cheti bila ibada zenyewe hakitoshi. Huku kwetu, Sheria ya Ndoa ya 2014 yaitambua ndoa ya Kihindu, ya mume mmoja na mke mmoja, na yataka isajiliwe. Kwa binti hayo si madogo: mashada ya maua na dhahabu shingoni havimfanyi mke wa mtu.

Jambo jingine dogo. Wadogo wa bibi arusi huviiba viatu vya bwana arusi, naye huvikomboa kwa pesa. Tuliozoea kusema "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" hapo tucheke kidogo, kisha methali hiyo tuiache nje ya lango. Wenyeji wetu wanaisikia, na Kiswahili wanakijua.